Dodoma hadi Guangzhou: jinsi ya kupima umbali wa ndege na kuhesabu muda halisi wa safari

Mfanyabiashara wa Dodoma anayetaka kufuata mzigo Guangzhou akiuliza simu yake safari ni ndefu kiasi gani, hupewa jibu la mstari mmoja: kilomita elfu nane na kitu, masaa kumi na kitu. Kwa ndege inayotoka Dar es Salaam jibu hilo ni sahihi. Kwa abiria halitoshi, kwa sababu ndege hiyo haianzii Dodoma, saa iliyochapwa kwenye tiketi si saa tunayoitaja mdomoni, na saa za China zimetangulia zetu kwa masaa matano. Anayepanga safari kwa kutazama masaa ya angani peke yake ndiye anayefika kaunta imeshafungwa.

Tutaanza na umbali wenyewe na namna ya kuupima kwa mkono, tuugeuze kuwa masaa, kisha tuyapange masaa hayo kwenye siku ya mtu anayetoka mitaa ya Dodoma kama Kisasa au Nzuguni. Guangzhou ni mfano tu. Anayekwenda Mumbai kwa matibabu au London kwa masomo atatumia hesabu hizi hizi na kubadilisha namba.

Kwanza, jua unapima kutoka wapi hadi wapi

Umbali wa ndege hupimwa kati ya viwanja, si kati ya miji. Kila kiwanja kina alama ya herufi tatu: Dodoma ni DOD, Julius Nyerere pale Dar es Salaam ni DAR, Kilimanjaro ni JRO, Guangzhou ni CAN. Zitumie alama hizi unapotafuta tiketi. Mji kama London una viwanja kadhaa, na kushukia kimoja ilhali ndege inayofuata inaondokea kingine kunaweza kukugharimu nusu siku.

Kisha tafuta latitudo na longitudo za kila kiwanja. Kwenye ramani ya simu, bonyeza kiwanja kwa sekunde mbili na namba zitatokea. Hizi ndizo tutakazotumia:

Dodoma: −6.17, 35.75
Dar es Salaam: −6.88, 39.20
Guangzhou: 23.39, 113.30

Alama ya kutoa ina maana tuko kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, utaihamishia Dar kaskazini na umbali wote utaharibika. Angalia pia namba zilizoandikwa kwa nyuzi na dakika. Nyuzi 6 na dakika 10 si 6.10. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo ni 6.17.

Umbali mfupi: Dodoma hadi Dar

Karibu na Ikweta, nyuzi moja ni takriban kilomita 111 ukienda kaskazini au kusini, na karibu vivyo hivyo ukienda mashariki au magharibi. Kwa safari ya ndani, Pithagora anatosha. Tofauti ya latitudo kati ya Dodoma na Dar ni 0.71, sawa na kilomita 79. Tofauti ya longitudo ni 3.45, sawa na kilomita 383. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata karibu kilomita 390. Kwa barabara, kupitia Gairo na Morogoro, ni kama 450.

Umbali mrefu: Dar hadi Guangzhou

Hapa Pithagora anakosea, kwa sababu dunia ni mviringo na kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta ndivyo nyuzi za longitudo zinavyobanana. Waliosoma hesabu za sekondari wanaikumbuka mada ya dunia kama tufe. Ndiyo tunayoihitaji.

Fungua kikokotozi cha simu na uilaze simu ubavu ili vitufe vya sin na cos vitokee. Hakikisha pembeni pameandikwa DEG. Pakiwa RAD, simu itakupa majibu yasiyo na maana na wewe hutajua kosa liko wapi. Kisha:

Chukua sin ya −6.88, nayo ni −0.1198. Izidishe kwa sin ya 23.39, ambayo ni 0.3970. Jibu ni −0.0476. Liandike pembeni.

Chukua cos ya 6.88, ambayo ni 0.9928, uizidishe kwa cos ya 23.39, yaani 0.9178. Jibu lizidishe kwa cos ya tofauti ya longitudo. Tofauti hiyo ni 113.30 kutoa 39.20, yaani 74.10, na cos yake ni 0.2740. Unapata 0.2497.

Jumlisha majibu mawili: 0.2497 na −0.0476 ni 0.2021. Bonyeza cos⁻¹ ya namba hiyo upate nyuzi 78.34. Zidisha kwa 111.2, ambayo ni kilomita za nyuzi moja kwenye duara kuu la dunia. Jibu ni karibu kilomita 8,710.

Asiyependa hesabu achukue globu ya shule na uzi. Bana uzi Dar, uvute mpaka Guangzhou uwe umekaza, kisha uulinganishe na urefu wa Ikweta kwenye globu ile ile, ambayo ni kilomita 40,000 hivi. Utapata jibu la karibu, na utaona kwa macho njia inapita wapi. Uzi uliokazwa unakatiza Bahari ya Hindi na kuingia bara la Asia upande wa India, na kwenye ramani bapa ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda. Mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani si njia fupi, na safari ikielekea kaskazini zaidi, kama kwenda Ulaya au Marekani, udanganyifu huo huwa mkubwa zaidi.

Ramani za simu nazo zina sehemu ya kupima umbali kati ya nukta mbili, na hutumia duara hilo hilo. Itumie kuhakiki. Ukipishana nayo kwa kilomita kumi au ishirini usihangaike, maana dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Ukipishana kwa maelfu, rudi ukaangalie alama ya kutoa. Na kama tovuti imekupa namba ndogo kuliko ulivyotarajia, tazama kipimo: maili moja ya kawaida ni kilomita 1.609, na maili ya baharini wanayotumia marubani ni kilomita 1.852.

Kupitia Dar si kurudi nyuma

Ukipima moja kwa moja kutoka Dodoma hadi Guangzhou, unapata karibu kilomita 9,020. Ukipitia Dar ni 390 na 8,710, jumla 9,100. Tofauti ni kilomita 80 tu, kwa sababu Dar iko mashariki yetu na China iko huko huko. Kwa hiyo hata ndege kubwa zitakapoondokea kiwanja kipya cha Dodoma cha Msalato, ambako barabara ya kurukia imesanifiwa kwa urefu wa kilomita 3.6, faida ya mtu wa Dodoma haitakuwa kwenye kilomita. Itakuwa kwenye nusu siku anayoipoteza kufika Dar na kusubiri. Hilo ndilo la kulizingatia katika kila hesabu ya safari inayoanzia kanda yetu ya kati.

Wa Kondoa na Singida wana chaguo jingine. Kwa lami ya kupitia Babati, kiwanja cha Kilimanjaro kinaweza kuwafaa kuliko Dar, hasa kama tiketi yao inapita Addis Ababa au Doha. Piga hesabu ya njia zote mbili kabla ya kulipa.

Kugeuza kilomita kuwa masaa

Ndege kubwa ya masafa marefu, kama Boeing 787, hukata karibu kilomita 900 kwa saa ikishatulia angani. Lakini haikati kasi hiyo safari nzima. Inatambaa ardhini, inapanda, inashuka, na haipiti kwenye uzi wako bali kwenye njia za anga zilizopangwa. Kanuni ninayoiamini ni hii: gawa kilomita kwa 870, kisha ongeza nusu saa. Kwa Dar na Guangzhou, 8,710 kugawa kwa 870 ni 10, ukiongeza nusu unapata masaa 10 na nusu. Kampuni za ndege huongeza dakika kadhaa kwenye ratiba ili zisionekane zimechelewa, kwa hiyo ukiona masaa 11 kwenye tiketi usishangae.

Kwa ndege za pangaboi zinazotua Dodoma kanuni hiyo haifai. Dash 8-400 ya Air Tanzania hukata kama kilomita 650 kwa saa, na ATR ya Precision Air kama 500. Kwa kilomita 390, kupanda na kushuka kunachukua sehemu kubwa ya safari. Weka saa moja na robo, inatosha.

Sasa linganisha njia za kuunganisha, maana si kila siku kuna ndege ya moja kwa moja. Air Tanzania wamekuwa wakiruka Dar hadi Guangzhou bila kutua, ila angalia siku zake kabla ya kupanga lolote. Kupitia Addis Ababa, vipande viwili ni kama kilomita 1,760 na 8,040. Kupitia Dubai ni kama 3,980 na 5,830. Jumlisha: zote mbili zinafika 9,800. Kwa masaa ya angani, zote mbili ni kama masaa 12 na robo. Watu hubishana sana njia ipi ni ya mkato, na wengi huona Addis iko karibu zaidi kwa sababu kipande cha kwanza ni kifupi. Kilomita ni zile zile. Kinachotofautisha ni masaa ya kusubiri katikati, mizigo, na bei. Tiketi yenye kusubiri masaa matatu Addis ni bora kuliko ya kusubiri tisa Dubai, na kinyume chake pia.

Upepo nao una neno lake. Juu ya kusini mwa China na kaskazini mwa India, upepo wa anga za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya Desemba hadi Februari huwa mkali zaidi. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakupiga usoni. Ndiyo sababu safari ya kurudi huandikwa ndefu kwa nusu saa au saa nzima ingawa kilomita hazijabadilika.

Kuna pia anga zinazokwepwa. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, ndege za abiria kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zimekuwa zikizunguka nchi hiyo. Dar hadi London ni karibu kilomita 7,500 kwa uzi, lakini njia halisi ya angani huzidi hapo. Anayekwenda Ulaya aongeze kidogo kwenye jibu la kanuni.

Saa ya tiketi na saa ya mdomoni

Hapa ndipo nawaomba msome polepole, kwa sababu hesabu ya kilomita ikikosewa haimwachi mtu uwanjani, ila hii inamwacha.

Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale ndege ilipo. Saa ya kuondoka Dar ni ya Dar, saa ya kufika Guangzhou ni ya Guangzhou. Tena imeandikwa kwa mtindo wa masaa 24 unaoanza usiku wa manane. Kuigeuza iwe saa yetu ni rahisi: kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita, kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita, kuanzia 19:00 kuendelea toa kumi na nane.

Chukua tiketi ya mfano: inaondoka DAR tarehe 15 saa 02:20, inafika CAN tarehe 15 saa 17:50. Hiyo 02:20 ni saa 8:20 usiku. Usiku upi? Ni usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Abiria anayesoma "tarehe 15, usiku" akaja uwanjani jioni ya tarehe 15, ndege yake imeshatua China. Tiketi yoyote inayoanza na 00, 01, 02, 03 au 04, chukua kalamu uandike juu yake kwa maneno yako: "naondoka nyumbani tarehe 14". Mwambie na anayekusindikiza. Mwambie na mama nyumbani.

Ili kujua muda wa angani, toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kisha toa tofauti ya saa za nchi. Kutoka 02:20 hadi 17:50 ni masaa 15 na nusu. China wametutangulia kwa matano. Inabaki 10 na nusu, sawa na jibu la kanuni yetu. Ukirudi, unajumlisha badala ya kutoa: ukiondoka Guangzhou 20:00 na kufika Dar 02:10 siku inayofuata, ni masaa 6 na dakika 10, ongeza 5, yaani 11 na dakika 10. Hiyo siku inayofuata huonyeshwa kwa +1 ndogo pembeni ya saa. Ni alama ndogo sana na watu wengi huipita.

Dubai wametutangulia kwa saa moja. Addis Ababa ni sawa na sisi. India ni masaa mawili na nusu mbele, na ile nusu ndiyo husahaulika. Uingereza iko nyuma yetu kwa masaa matatu, ila kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni mawili, kwa sababu wao husogeza saa zao.

Kuhesabu kutoka mlangoni kwako

Tumia tiketi ile ile ya saa 8:20 usiku, na hesabu ukirudi nyuma kutoka kwenye ndege kuelekea Dodoma.

Safari ya nje inataka ufike kaunta masaa matatu kabla: saa 5:20 usiku, tarehe 14. Kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa haifunguliwi. Kwa hiyo uwe umeshafika Dar si chini ya masaa matatu mengine kabla ya hapo, kwa ajili ya foleni, kula, na lolote litakalozuka njiani. Tunafika saa 2 usiku kama kikomo.

Ukichagua treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, weka masaa manne kwa usalama. Tuseme unapanda ya saa 8 mchana, unashuka Dar saa 12 jioni. Kama treni yako inasimama Pugu, shukia hapo, kwani ni karibu na kiwanja kuliko kwenda hadi katikati ya jiji na kurudi na foleni ya jioni ya Barabara ya Nyerere. Basi la kutoka stendi ya Nanenane huchukua sehemu kubwa ya mchana na hukushusha Mbezi, upande mwingine wa jiji. Kwa safari ya siku hiyo hiyo silipendekezi. Anayekwenda kwa basi aende siku moja kabla alale Dar.

Ukichagua ndege ya ndani, fahamu kwamba Dar ndege za ndani na za kimataifa hazitumii jengo moja. Za ndani zinatua Jengo la Pili, za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, na kati yake utahitaji usafiri ukiwa na mabegi. Muhimu zaidi: tiketi ni moja au ni mbili? Kama Dodoma hadi Guangzhou imekatwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la kampuni kukutafutia nyingine. Ukikata mbili mbali mbali, kuchelewa kwa ndege ya Dodoma ni hasara yako, na kampuni ya pili haiwajibiki kwako. Kwa tiketi mbili, acha angalau masaa sita katikati, au chukua ndege ya asubuhi.

Sasa jumlisha. Umetoka Kisasa saa 7 mchana tarehe 14. Unatua Guangzhou saa 6:50 mchana tarehe 15 kwa saa za Dodoma. Ongeza saa moja na nusu ya uhamiaji na kusubiri begi. Ni masaa 25 na dakika 20. Yale masaa 10 na nusu ya angani ni chini ya nusu ya safari yako. Na unapotoka nje ya kiwanja, huko tayari ni saa 1:20 usiku: maduka mengi ya jumla yameshafungwa, kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi ni tarehe 16. Hoteli, mkalimani na miadi ya kiwandani, vipange kuanzia hapo. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika Aprili na Oktoba, na misimu hiyo kukata tiketi wiki ya mwisho ni kujitafutia bei ya juu.

Kurudi

Tiketi yetu ya kurudi inatua Dar 02:10, yaani saa 8:10 usiku. Mpaka umalize uhamiaji, mzigo na forodha, weka saa 10 alfajiri. Usikate treni wala ndege ya Dodoma inayoondoka kabla ya saa 1 asubuhi, na kama una mzigo wa kukaguliwa, sogeza mpaka saa 3. Kabla ya kufunga mabegi Guangzhou, soma uzito unaoruhusiwa kwenye kila tiketi. Tiketi ya kimataifa ikikuruhusu mabegi mawili ya kilo 23, ile ya Dar hadi Dodoma iliyokatwa peke yake inaweza kuruhusu moja tu. Treni nayo ina kikomo chake. Mzigo unaozidi, uulizie bei ya kuusafirisha kwa gari ungali huko huko China, kisha amua nini kije na wewe na nini kije kwa meli.